Kuhesabu mapigo huku ukicharaza gitaa: mwongozo kamili kwa anayeanza

Wengi wanaojifunza gitaa bila mwalimu hufika mahali pamoja na kukwama hapo. Vidole vya mkono wa kushoto vimeshazoea G, C na D, kordi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zinalia safi, lakini wimbo hautembei. Msikilizaji anatikisa kichwa mara mbili tatu kisha anaacha, kwa sababu hajui pigo lijalo litaangukia wapi. Ukimwuliza mpigaji mkono wake wa kulia unafanya nini, atakutajia mishale aliyoikariri kwenye video: chini, chini, juu, juu, chini, juu. Mishale yenyewe haina ubaya. Kasoro yake ni kwamba inakuambia mkono uelekee wapi bila kukuambia lini.

Hiyo "lini" inatoka mdomoni. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na mdomo, unaingia mguuni, unapanda mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unasubiri zamu yake. Kuimba kunakuja karibu na mwisho. Ukiona uvivu wa kuhesabu kwa sauti kubwa, ujue umefika kwenye sehemu unayoihitaji kuliko zote. Hesabu ya kimoyomoyo ina tabia ya kusimama mkono unapopata shida, kisha kuendelea mkono ukishatulia, na mwenyewe hutatambua. Mdomo ukinyamaza utausikia.

Vitu vya kuwa navyo

Gitaa lolote la nyuzi sita linatosha, hata lile la bei ya chini kabisa, mradi linashika tyuni. Ukulele pia inafaa. Tafuta piki, yaani kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, iliyo nyembamba, ya karibu nusu milimita. Piki nene ya milimita moja na zaidi inang'ang'ania kwenye nyuzi na kumvunja moyo anayeanza. Iache kwa wanaopiga solo. Kama huna piki, tumia ukucha wa kidole cha shahada ukishuka na nyama ya kidole hichohicho ukipanda. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Pakua kwenye simu programu ya metronomu, inayotoa milio ya mapigo kwa mwendo unaouchagua. Za bure ni nyingi na zote zinafanya kazi ileile. Wanaotumia mkono wa kushoto kuchapa nyuzi wageuze tu maelezo ya mikono.

Hatua ya kwanza: mdomo na mguu, gitaa likiwa ukutani

Karibu muziki wote unaousikia redioni, kuanzia bongo fleva hadi rumba na nyimbo za injili, unakwenda kwa mzunguko wa mapigo manne. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha unarudi moja. Kila pigo linagawanyika nusu mbili, na nusu hizo ndizo tunazozitafuta.

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Walimu wengi hufundisha hesabu ya "moja na, mbili na, tatu na, nne na". Jaribu kuisema haraka na utaona shida yake: "mo-ja-na" ni silabi tatu, kwa hiyo mdomo unagawa pigo mara tatu wakati mkono unatakiwa kuligawa mara mbili. Hiyo "na" inachelewa, mkono nao unachelewa nayo. Iondoe. Namba zenyewe zina silabi mbilimbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne. Silabi ya kwanza ni pigo lenyewe, ya pili ni nusu yake. Na kwa kuwa mkazo unaangukia silabi ya kwanza katika namba zote nne, sauti yako inakuwa nzito pale hasa pigo linapotakiwa kuwa zito.

Angalia matamshi mawili tu. Mbili ni mbi-li, usiivunje ikawa m-bi-li. Nne ni n-ne: ile N ya mwanzo inasimama peke yake na ndiyo yenye mkazo, kwa hiyo ivute kidogo puani kabla ya kufungua "ne". Ukiimeza, pigo la nne litakuwa fupi na utaingia kwenye moja mapema. Wanaokimbia kila wanapomaliza mzunguko mara nyingi wanakimbilia hapo.

Weka metronomu kwenye 60, yaani mlio mmoja kila sekunde. Hesabu kwa sauti ya mazungumzo. Silabi ya kwanza ianguke pamoja na mlio, ya pili ikae katikati kabisa ya milio miwili. Kisigino kikiwa chini, ncha ya mguu ishuke kwenye mo, mbi, ta na n. Ipande kwenye ja, li, tu na ne. Usipuuze mguu kupanda. Mguu ulio juu ndiyo nusu ya pigo, na baadaye utakuonyesha mkono wako uko wapi.

Mguu si kazi ya wanafunzi peke yao. Mpiga nyatiti wa Kiluo huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mwili wa ala yake huku vidole vya mikono vikinyonyoa nyuzi nane. Mguu wake ni ngoma kamili.

Umeiva kwa hatua hii ukiweza kuhesabu dakika mbili mfululizo bila mguu na mdomo kuachana, na ukiweza kumjibu mtu aliyekuuliza saa ngapi bila mguu kusimama. Hilo la pili ni gumu kuliko linavyosikika.

Hatua ya pili: nyuzi zilizozimwa

Sasa chukua gitaa, lakini usishike kordi yoyote. Laza vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote bila kuzikandamiza, ili ukichapa isikike "chak" kavu isiyo na noti. Tumia vidole viwili au zaidi, kwa sababu kidole kimoja kikigusa juu ya freti (kipande cha chuma kilichokingama shingoni mwa gitaa) ya 5, ya 7 au ya 12 nyuzi zitatoa mlio mwembamba wa kengele badala ya kunyamaza.

Sababu ya kuzima nyuzi ni kwamba sikio likisikia kordi nzuri linasahau muda. Likisikia "chak" halina kingine cha kusikiliza.

Chapa kwa kushuka tu: mo, mbi, ta, n. Endelea kusema namba nzima, na mguu uendelee. Baada ya mizunguko kadhaa utazame mkono wako. Ili ushuke tena kwenye mbi, lazima ulipanda mahali fulani, na kama umetulia ulipanda kwenye ja. Kwa maneno mengine, pigo la kupanda tayari unalo. Hujaligusisha nyuzi tu. Ligusishe. Sasa unasikia nusu zote nane: mo chini, ja juu, mbi chini, li juu, ta chini, tu juu, n chini, ne juu.

Ukipanda, usijaribu kupitia nyuzi zote sita. Gusa nyembamba mbili au tatu tu, ukishazigusa mkono utoke nje. Pigo la kupanda ni jepesi kwa asili, na uzito huo mdogo ndio unaofanya la kushuka lisikike kama pigo. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono, kiwiko kikisaidia kidogo. Bega likianza kuuma, umeshika piki kwa nguvu kama unayeogopa kunyang'anywa. Ilegeze mpaka uhisi karibu itaanguka.

Hatua ya tatu: mkono usiosimama

Hii ndiyo roho ya mwongozo wote, kwa hiyo ipe muda mwingi kuliko hatua nyingine.

Sindano ya cherehani hupanda na kushuka kwa mwendo uleule, kitambaa kiwepo kisiwepo. Mkono wako wa kulia ufanye hivyo. Unashuka kwenye kila silabi ya kwanza na kupanda kwenye kila silabi ya pili kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mtindo wowote wa kucharaza unaoujua ni uamuzi wa wapi mkono huo uguse nyuzi na wapi upite hewani. Mwelekeo hauamuliwi na mtindo. Unaamuliwa na hesabu. Ndiyo maana huna haja ya kukariri mishale: ukijua noti iko kwenye "tu", tayari unajua ni ya kupanda, kwa sababu kwenye "tu" mkono haujui kufanya kingine.

Zoezi lake linachosha, ila halina mbadala. Mkono uende juu na chini muda wote, nyuzi zikiwa zimezimwa, na uguse silabi moja tu katika mzunguko mzima. Anza na mo peke yake; saba zilizobaki zipite hewani. Kisha mbi peke yake. Kisha ta, kisha n. Hizo nne ni rahisi. Hamia silabi za pili: ja peke yake, halafu li, tu, ne. Hapa utaona mkono unataka kusimama uungoje, halafu uruke ghafla. Usiuruhusu. Punguza metronomu hadi 50 kama ni lazima, lakini mwendo uwe mmoja.

Ukishaweza kugusa silabi yoyote utakayoitaja, chora mtindo wako kwenye karatasi. Huu hapa ni ule wa mishale niliyoutaja mwanzo, ambao unabeba nyimbo nyingi sana za gitaa moja. Nukta ni mkono kupita hewani.

mo ↓ | ja · | mbi ↓ | li ↑ | ta · | tu ↑ | n ↓ | ne ↑

Tazama "ta". Ni pigo la tatu, zito, na hatuligusi. Mkono unashuka mtupu kisha unapanda na kugusa "tu". Kwenye video utasikia "juu, juu" zikifuatana, na anayeanza huchapa juu, anatoa mkono kando, anarudi chini kwa siri, anachapa juu tena, na kila mara anachelewa. Mwenye hesabu hana siri yoyote ya kufanya. Alikuwa anashuka tu kwenye "ta", ila hakugusa.

Uchukue kwa mafungu. Piga mo na mbi-li, kisha acha kugusa nyuzi, lakini hesabu na mkono viendelee. Halafu "tu" na n-ne peke yake. Halafu viunganishe. Usiongeze mwendo mpaka pengo la "ta" liwe na urefu uleule kila mzunguko.

Hatua ya nne: kuingiza mkono wa kushoto

Chagua kordi mbili tu, mfano G na D, au Em na C. Shika ya kwanza mizunguko minne, ya pili mizunguko minne, kwa mtindo ule wa juu, metronomu ikiwa 60. Ukizoea, mizunguko miwiliwili, halafu mmojammoja.

Kordi mpya ianze kwenye mo. Vidole basi viondoke lini? Viondoke kwenye "ne", wakati mkono wa kulia unapanda. Nyuzi zitalia wazi kwa nusu pigo, na hakuna atakayeshtuka. Wapigaji wa miaka mingi wanafanya hivyo kila siku na sikio linalichukulia kama sehemu ya mdundo. Wanaoanza hujibana mpaka "ne" iishe ndipo waanze kuhama, na hapo mo inapita bila wao.

Ikitokea mo imefika na kordi haijakamilika, chapa hivyohivyo, hata kwa kidole kimoja kilichotua. Kordi mbovu inapita na kusahaulika. Mkono uliosimama kungoja kordi unaangusha wimbo mzima, na miguu ya anayecheza itakuambia.

Mbinu moja inayosaidia: kwa siku chache, chapa mo tu katika kila mzunguko, iache kordi ilie huku unahesabu silabi saba zilizobaki, na utumie nafasi hiyo kupeleka vidole kwenye kordi inayofuata bila haraka. Mkono wa kulia uendelee kupita hewani. Utajikuta unafika mapema, kisha unangoja.

Metronomu ipandishwe namna gani

Tano tano: 60, 65, 70. Ukifika mahali mkono unakakamaa, rudi nyuma kumi na ukae hapo siku hiyo. Nyimbo nyingi za kucharaza zinakaa kati ya 70 na 110, kwa hiyo hakuna tuzo ya kufika 160.

Kipimo chenye faida zaidi kiko upande wa pili, wa kupunguza milio. Kama unapiga kwa mwendo wa 80, weka metronomu kwenye 40, na uamue kwamba kila mlio ni mbili au nne. Wewe mwenyewe ndiye utakayejaza moja na tatu. Kuanza ni kugumu kidogo: usikie mlio, useme "mbili", ngoja, useme "nne" kwenye mlio unaofuata, na ukishatulia uingize moja na tatu katikati. Ukiweza kukaa hapo dakika tatu bila mlio kuhamia kwenye moja yako, muda umeshahamia mwilini. Ni hatua ambayo watu wengi huiruka, nami naiona kuwa na thamani kuliko kujifunza kordi kumi mpya.

Mapigo matatu

Wimbo wa mapigo matatu unahesabiwa mo-ja, mbi-li, ta-tu, kisha unarudi mo-ja bila kugusa nne. Piga uzi mnene peke yake kwenye mo, halafu chapa nyuzi nyembamba kwenye mbi na ta. Nyimbo nyingi za kanisani ziko hivi, na huna mengi ya kuongeza hapo.

Mambo yanakuwa matamu pale kila pigo linapogawanyika tatu. Hapa ndipo ile "na" tuliyoifukuza inarudi na kufanya kazi yake halali: mo-ja-na, mbi-li-na. Silabi sita, mapigo mawili. Chakacha ya pwani iko kwenye familia hii, na pia nyimbo nyingi za taratibu za mapenzi zinazoyumba kama zinakwenda na kurudi.

Shida ni mwelekeo wa mkono. Tatu ni witiri, kwa hiyo ukishuka, ukapanda, ukashuka, pigo la pili linakukuta unapanda. Kwa wimbo wa taratibu usijisumbue: shuka mara zote sita, ukitia uzito kwenye mo na mbi. Kwa wimbo wa kasi hilo haliwezekani, kwa hiyo acha mkono upishane kama kawaida: mo chini, ja juu, na chini, mbi juu, li chini, na juu. Pigo la pili litakuwa la kupanda, na kazi yako ni kulipa nguvu ingawa limezoea kuwa jepesi. Lifanyie mazoezi kwenye nyuzi zilizozimwa kabla ya kitu kingine chochote.

Hesabu hiyohiyo inakufungulia mwendo wa kuchechemea wa bluzi. Sema mo-ja-na, uguse mo kwa kushuka na "na" kwa kupanda, "ja" ipite kimya. Ghafla gitaa linachechemea. Siku ukicheza wimbo na kuhisi kwamba nusu zako zimenyooka kupita kiasi, jaribu hivyo.

Unajuaje wimbo fulani uko wapi? Uwashe, tafuta mguu, halafu sema mo-ja juu ya kila pigo. Ikikataa, sema mo-ja-na. Moja ya hizo mbili itakaa kama imeumbwa kwa ajili yake.

Pigo likigawanywa nne

Baadhi ya nyimbo za polepole zina mkono wenye shughuli nyingi. Hapo namba haina silabi za kutosha, kwa hiyo iongezee mbili zisizo na maana: mo-ja-ta-ka, mbi-li-ta-ka, ta-tu-ta-ka, n-ne-ta-ka. Chini, juu, chini, juu, ndani ya pigo moja. Angalia kilichobadilika: "ja" sasa ni robo ya pigo, na nusu imehamia kwenye "ta", ambayo ni ya kushuka. Mkono unakwenda mara mbili ya kasi ya mguu uliyozoea. Anza 45 na upunguze ukubwa wa mwendo wa mkono. Anayechapa kwa upana wa shubiri hataweza.

Rumba na rege

Hapa kuna mazoezi mawili ninayoyapenda kwa sababu yanakataa kucheza na asiyehesabu.

La kwanza ni mdundo wa vijiti unaosikika katika rumba ya Kikongo, wakati mwingine ukigongwa kwenye ukingo wa ngoma, na ambao asili yake ya karibu ni muziki wa Kuba uliofika Kongo kwa santuri. Unachukua mizunguko miwili:

mo ↓ | ja · | mbi · | li ↑ | ta · | tu · | n ↓ | ne ·
mo · | ja · | mbi ↓ | li · | ta ↓ | tu · | n · | ne ·

Sema namba zote, gusa hizo tano tu: mo, li, n, kisha mbi, ta. Mzunguko wa pili unaanza kimya, na watu wengi huiingiza mo pale kwa mazoea. Ukiisema bila kuigusa, umeelewa. Baada ya hapo sikiliza santuri yoyote ya Franco na T.P.O.K. Jazz, au ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ukihesabu kwa sauti juu yake. Usifuate gitaa la solo, litakupoteza. Shika besi na mahali kordi zinaporudi nyumbani, yaani kwenye kordi kuu ya wimbo. Gitaa la rizimu, lile linaloshika mdundo, ndilo la kulisikiliza sana kwa shabaha yetu. Linarudia kitu kidogo dakika nyingi bila kutikisika, na wenye macho kwenye solo hawalitaji.

Rege ni fupi kueleza. Gusa mbi na n peke yake, ukishuka, na mara baada ya kugusa legeza vidole vya kushoto ili kordi ikatike. Mo na ta ni za besi na ngoma, waachie. Anayeanza hupiga rege vizuri kwa mizunguko kadhaa, kisha mbi yake inageuka kuwa mo kichwani mwake na wimbo unapinduka. Mguu ndio dawa: ukiona mguu unashuka pamoja na kila kordi na haushuki penginepo, umeshapinduka.

Kuimba juu yake

Usijaribu mpaka uweze kucharaza mtindo wako huku unamsikiliza mtu akizungumza na kumwelewa.

Kisha fanya hivi. Charaza na kuhesabu kwa sauti. Acha kuhesabu, uvumishe wimbo puani. Halafu sema maneno kama unayezungumza, bila tuni, kila silabi ikikaa mahali pake. Tuni ije mwisho. Atakayeruka hatua ya kusema atajikuta mkono unaanza kufuata maneno: kila silabi, pigo moja.

Ili kujua silabi inakaa wapi, andika mstari wa wimbo chini ya hesabu. Tuchukue sentensi ya kawaida, "nitakuja kesho jioni". Mkazo uko kwenye ku, ke na o. Iweke hivi:

n-ne: ni-ta
mo-ja: KU-ja
mbi-li: KE-sho
ta-tu: (kimya)-ji
n-ne: O-ni

Mambo mawili yanaonekana. Kwanza, "nita" imeanza kabla ya moja. Nyimbo zetu nyingi ziko hivyo, kwa sababu vitenzi vya Kiswahili vina viambishi mbele na mkazo uko nyuma. Anayeanza kucharaza na kuimba kwa pamoja kwenye silabi ya kwanza atakuwa nje tangu mwanzo. Hesabu mzunguko mzima mtupu kwanza, uingize sauti kwenye n-ne, kordi itue kwenye KU. Pili, linganisha na mtindo wa hatua ya tatu. Karibu kila silabi imekutana na pigo, na kimya cha "ta" kiko kwa wote wawili. Kwa hiyo mstari huu ni rahisi kuanzia. Mstari mgumu ni ule ambao sauti inaingia pale mkono unapopita hewani, na ukiuandika hivi utaujua kabla haujakuaibisha.

Kujisikiliza, kucheza na wengine, na kupotea

Jirekodi kwa simu mara moja kila wiki, dakika mbili, bila metronomu. Siku inayofuata, sikiliza ukigonga meza. Utasikia mahali mwendo unapokimbia, na kwa watu wengi ni palepale kila mara: kwenye kiitikio, sauti inapopanda. Nguvu ikiongezeka kasi nayo huongezeka. Fanya zoezi la kuchapa kwa nguvu mizunguko minne na kwa upole minne, metronomu ikiwa imewashwa, mpaka vitu hivyo viwili viachane.

Ukipata mwenzako, mpe chupa. Wapiga gitaa wa omutibo, mtindo wa magharibi mwa Kenya, walikuwa na mtu wa kukwaruza chupa ya Fanta yenye mistari, na mdundo wake ulitosha kumbeba mwimbaji na gitaa moja kavu. Mwenye chupa ana faida ambayo metronomu haina: anakutazama, na ukitaka kutulia mnatulia pamoja. Badilishaneni. Anayekwaruza ahesabu kwa sauti, anayecharaza anyamaze.

Na utapotea, hata baada ya haya yote. Kordi itakuponyoka au mtu atakuita katikati. Usisimamishe mkono na usirudi mwanzo. Zima nyuzi kwa mkono wa kushoto, acha wa kulia uendelee kupanda na kushuka ukitoa "chak" laini au bila kugusa kabisa, fungua mdomo useme namba, na uingie tena kwenye mo inayofuata.